Utepe mweusi juu ya mtandio mweupe: binti yangu aombe radhi?

Shikamoo Mwalimu,

Nakuandikia usiku, unga wa mahamri ukiwa unaumuka, maana mchana sina nafasi hata ya kufikiri. Nauza mahamri na mbaazi karibu na feri, upande wa Likoni. Nina watoto watatu. Huyu ninayekuandikia habari zake ni wa kati, ana miaka kumi na saba, yuko Kidato cha Tatu katika shule ya serikali ya wasichana, ya kutwa.

Mwaka jana, tarehe 25 Juni 2024, kijana wa jirani yetu alipigwa risasi Nairobi siku ile ya maandamano ya Mswada wa Fedha. Alikuwa amekwenda huko kutafuta kazi. Kabla ya kuondoka alikuwa akimfundisha binti yangu hesabu barazani kwetu, bila hata senti, na lau si yeye mtoto huyu angekuwa bado analia akiona aljebra. Mama yake kijana hajakaa sawa mpaka leo.

Mwaka huu siku hiyo ilikuwa Jumatano, siku ya shule. Binti yangu na wenzake kumi walibana utepe mweusi kwa pini, wengine kwenye mtandio, wengine kwenye kola. Kitambaa chenyewe, nimekuja kujua baadaye, kilikatwa kwenye buibui langu la zamani lililokuwa sandukuni. Hawakuimba wala hawakubeba bango. Wakati wa gwaride naibu wa mwalimu mkuu akawaamuru wavue. Kumi wakavua, wangu akakataa. Akaitwa mbele, akaulizwa kwa nini, akasema ni msiba wa mtu wake. Naibu akamwambia shule si mahali pa siasa. Hapo mtoto akajibu, "Nyinyi ndio mnaotuua." Haya nimeyasikia mwenyewe kwenye video, kwa kuwa kuna mwanafunzi aliyekuwa na simu. Simu ni marufuku pale, lakini zipo.

Kufikia magharibi video ilikuwa kila mahali. Wako wanaomwita shujaa na wako wanaomwita mtoto asiyefunzwa na mamake. Wengine wanaandika mambo ya mwili wake ambayo siwezi kuyarudia. Mtu anayetaka kiti cha udiwani alikuja nyumbani na mpiga picha na mfuko wa unga. Wakili mmoja kapiga simu, anasema yuko tayari kwenda mahakamani bure. Mzee wa mtaa kasema tumeuaibisha mtaa.

Shule imempa wiki mbili za kukaa nyumbani. Ili arudi, tumeitwa mbele ya Bodi ya shule Jumatano tarehe 9 Julai. Anatakiwa aombe radhi mbele ya gwaride na atie sahihi karatasi inayosema "aliingiza siasa shuleni na kuchochea wenzake". Mimi nami nitie sahihi kwamba akirudia nitamhamisha. Baba yake yuko Doha, ni mlinzi, anasema tutie sahihi tumalize, ada analipa kwa jasho. Kaka yangu anasema tukitia sahihi tumemuuza mtoto. Kinachoniuma zaidi, Oktoba iliyopita walimu haohao waliwabana wasichana utepe wa waridi wa saratani ya matiti, na hakuna aliyesema sare imeharibiwa.

Niambie, Mwalimu. Aombe radhi au asiombe? Na je, nimelea vibaya?

Mama wa Kidato cha Tatu, Likoni

---

Marahaba, mwanangu.

Nimeitoa barua yako kwenye foleni nikaileta mbele kwa sababu ya hiyo Jumatano. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nahesabu. Umenieleza anachosema baba yake, mjomba wake, wakili, mtafuta udiwani, mzee wa mtaa na watu wa mtandaoni wasio na majina. Anachotaka binti mwenyewe hukukiandika. Huenda umesahau tu, usiku ule na unga ule. Lakini kama hujamuuliza, weka gazeti chini, nenda kamuulize, kisha urudi kusoma. Mengi nitakayosema yatageuka kulingana na jibu lake.

Kabla sijasema lolote juu ya naibu wa mwalimu mkuu, nijitaje. Kazi hiyo niliifanya miaka kumi na moja, bara na pwani. Nimepima sketi kwa rula. Nimewahi kumkata nywele msichana kwa mkasi mbele ya shule nzima, na jina lake nalikumbuka hadi leo. Kwa hiyo najua kilichopita kichwani mwa yule mwalimu asubuhi ile. Muhula wa pili ndio muhula wa moto katika shule zetu. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilichomwa, nyingi kati yake miezi hiyohiyo ya katikati ya mwaka, na tangu hapo naibu akiona wanafunzi kumi na moja wamevaa kitu kimoja ambacho hakukipanga yeye, haoni utepe, anaona bweni linawaka. Shule yenu haina bweni, lakini hofu haiulizi. Ongeza na tarehe yenyewe. Ofisi ya elimu ingempigia simu kabla ya saa nne. Simsafishi. Nataka tu ukiingia kwenye kile chumba ujue unazungumza na mtu aliyeogopa. Na mmeitwa siku mbili baada ya Saba Saba, siku ya maandamano ya tarehe 7 Julai, hofu itakuwa imepanda zaidi.

Sasa tuingie kwenye jambo. Ile karatasi ya shule imefunga vitu viwili kwenye fundo moja, na kazi yako ni kulifungua hilo fundo. Kuna utepe, na kuna maneno "nyinyi ndio mnaotuua". Havifanani.

Maneno yale yalikuwa makosa. Naibu hakumpiga mtu risasi. Huenda naye ana mtoto aliyekuwa barabarani siku hiyo, hatujui. Kumtupia mwalimu damu ya mtu mbele ya wanafunzi mia kadhaa ni dhuluma, hata kama aliyeyasema ana miaka kumi na saba na ana majonzi. Kwa hilo aombe radhi, tena mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa mtu aliyemkosea. Ningelisema hivi hata kama mahakama zote za dunia zingekuwa upande wake.

Utepe ni habari nyingine. Ibara ya 33 ya Katiba inasema kila mtu ana uhuru wa kujieleza. Imesema kila mtu, haikusema kila mtu mzima. Inaondoa mambo machache: uchochezi wa vita, wa ghasia, matamshi ya chuki. Kitambaa kisicho na neno hata moja, kilichobanwa na msichana aliyesimama kimya kwenye mstari wake, hakimo. Shule ina haki ya kuwa na sare na ya kulinda utulivu, na mimi ni mtu wa sare. Nimeona sare ikimsitiri mtoto wa muuza samaki akakaa na mtoto wa daktari bila kujulikana nani ni nani. Lakini shule iliyowabana wasichana utepe wa waridi Oktoba haiwezi kuniambia Juni kwamba tatizo ni utepe. Tatizo ni alichokuwa akikiombolezea. Hoja yako hii umeiweka mwisho wa barua kama lalamiko dogo, na ndiyo nzito kuliko zote. Iweke mbele.

(Wakati wa Nyayo, enzi ya Rais Moi, mwalimu wetu mkuu alivaa beji yenye picha ya rais kifuani, Jumatatu hadi Ijumaa. Sikumbuki mtu aliyesema shule si mahali pa siasa.)

Kisa cha binti yako kina ndugu yake mkubwa. Mnamo Desemba 1965, mjini Des Moines katika jimbo la Iowa, Marekani, wanafunzi wachache walikubaliana kufunga vitambaa vyeusi mkononi kuwaombolezea waliokufa katika vita vya Vietnam, wa pande zote mbili, na kuunga mkono kusitishwa kwa mapigano. Wakuu wa shule walipopata habari walipiga marufuku vitambaa hivyo hata kabla ya siku yenyewe. Mary Beth Tinker alikuwa na miaka 13, kaka yake John 15, na mwenzao Christopher Eckhardt 16. Walisimamishwa masomo. Nyumba ya akina Tinker ikamwagiwa rangi nyekundu, na watu wakapiga simu za vitisho. Hapakuwa na mtandao wakati huo, mwanangu, lakini matusi yalifika vilevile.

Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 24 Februari 1969 majaji saba kati ya tisa waliwapa wanafunzi haki. Jaji Abe Fortas aliandika kwamba mwanafunzi havui haki zake za kujieleza kwenye lango la shule, na kwamba shule ikitaka kumnyamazisha ni lazima ionyeshe kuwa alivuruga masomo kwelikweli. Kuogopa kwamba huenda akavuruga hakutoshi. Na sikiliza hili: mahakama iliona kuwa shule hizohizo ziliwaacha wanafunzi wengine wavae beji za kampeni za siasa, hata msalaba wa chuma ambao watu waliujua kama alama ya Wanazi. Kitambaa cheusi pekee ndicho kilichokatazwa. Ni hadithi yako ya utepe wa waridi, miaka hamsini na tisa kabla.

Hukumu hiyo ya Marekani haimfungi jaji wa Mombasa, mtu asikudanganye. Nimeileta kwa sababu mbili nyingine. Ya kwanza ni jambo ambalo Mary Beth mwenyewe amelisimulia tangu hapo: alipoitwa ofisini na kuambiwa avue, alivua. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na aliogopa. Binti yako asiwaangalie wale kumi waliovua kama wasaliti. Najua shule za wasichana, na nina hakika kuna ambao hawasemezani tangu siku ile. Hilo litamuumiza muda mrefu kuliko wiki mbili za nyumbani. Sababu ya pili ni hesabu ya miaka: Desemba 1965 hadi Februari 1969. Mary Beth aliingia kwenye kesi akiwa mtoto wa miaka 13 akatoka ana 16.

Hapo ndipo namjibu kaka yako na yule wakili.

Kesi za mavazi shuleni huwa ndefu kuliko shule yenyewe. Durban, Afrika Kusini, msichana aliyetoboa pua na kuvaa kipini, desturi ya upande wa familia yake wenye asili ya India Kusini, alikatazwa na shule yake. Mahakama ya Katiba ikampa haki mwaka 2007, lakini wakati huo alikuwa hayupo tena katika shule hiyo. (Nilipoisoma kesi ile nilimkumbuka bibi yangu wa Lamu, alikuwa akisema mwanamke asiye na kipini ni nyumba isiyo na taa. Majaji wa Johannesburg wangefaidika kwa kumsikiliza.) Kwetu hapa, mgogoro wa wasichana wa Kiislamu katika shule moja ya Isiolo iliyodhaminiwa na kanisa, waliotaka kuvaa hijabu na suruali nyeupe, ulianza mahakamani 2014. Mahakama Kuu ikawakatalia 2015, Mahakama ya Rufaa ikawakubalia Septemba 2016, na Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo Januari 2019 kwa hoja ya utaratibu, namna ombi lilivyoingizwa kwenye kesi. Msichana aliyeingia Kidato cha Kwanza kesi ilipoanza alikuwa amemaliza shule kabla ya jibu la mwisho, na jibu lenyewe halikuwa jibu. Ule mtandio mweupe anaouvaa binti yako kila asubuhi bila mtu kumuuliza, usiuone wa kawaida. Kuna sehemu za nchi hii watoto wameugombania kortini.

Sisemi mahakama haifai. Januari 2019 msichana wa Kidato cha Kwanza wa Kibera alirudishwa nyumbani kwa sababu ya rasta zake, ambazo ni za dini yake. Babake akaenda kortini, mahakama ikaamuru arudi darasani wakati kesi inaendelea, na Septemba mwaka huohuo Jaji Chacha Mwita akasema shule ilikiuka haki yake. Hiyo ilikuwa kesi iliyokwenda vizuri, kwa sababu mtoto alikuwa ndani ya darasa wakati wakubwa wanabishana. Wakili wako akisema ataomba amri ya namna hiyo, msikilize. Akianza kwa kukuambia kesi hii itabadilisha nchi, mshukuru umwambie utampigia. Binti yako ana KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwakani. Nchi inaweza kungoja.

Na mtafuta udiwani umrudishie mfuko wake wa unga. Naelewa bei ya unga. Lakini ule si unga, ile ni kodi ya uso wa mwanao kwenye mabango.

Juu ya video, fanya hili wiki hii, usingoje Bodi. Tafuta kurasa mbili au tatu zinazoongoza kuisambaza, uandike kama mzazi kwamba huyu ni mtoto na hujatoa idhini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na picha ya mtoto inahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Si sheria ya maonyesho: mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Shule ndiyo iliyotozwa, kwa hiyo hata mwalimu mkuu atakuelewa ukilitaja. Wale wanaoandika juu ya mwili wake, piga picha ya skrini uhifadhi, usiwajibu. Simu yake ikae kwako usiku, kwa makubaliano, si kwa kunyang'anywa. Mahojiano ya televisheni, hapana, hata wakiahidi kuficha uso. Sauti yake mtaa mzima unaijua.

Rudi kwenye ile karatasi. Usitie sahihi. Baba yake simuoni kama mwoga. Mtu aliye Doha anaona nyumba yake kwa kitundu cha simu na anataka moto uzimwe upesi. Mweleze hivi: neno "kuchochea" likiandikwa na kutiwa sahihi linabaki kwenye faili, na faili humfuata mtoto mahali anapokwenda. Mwaka kesho likitokea fujo lolote shuleni, hata la chakula kibovu, wa kwanza kuitwa atakuwa yule aliyekiri kwa mkono wake kuwa mchochezi. Hiyo karatasi haimalizi jambo, inaliweka akiba.

Ukiwa mbele ya Bodi, sema polepole na usikubali kukimbizwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ambayo licha ya jina lake inahusu pia sekondari, hairuhusu mtoto afukuzwe kabla yeye na mzazi wake hawajasikizwa na njia nyingine zote za kumrekebisha hazijakwisha. Kukutaka wewe uahidi kumhamisha ni kumfukuza kwa mkono wako badala ya wao. Sheria hiyohiyo inakataza adhabu ya kumdhalilisha mwanafunzi, ya mwili au ya akili, na kusimamishwa mbele ya gwaride kusoma ungamo lililoandikwa na mtu mwingine nadhani kunafika hapo. Ibara ya 47 ya Katiba inakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Omba waandike ni kanuni gani ya shule iliyovunjwa, kwa nambari, na utepe wa waridi uliruhusiwa kwa kanuni ipi. Usipandishe sauti. Uliza tu, kisha unyamaze, uwaache watafute. Katika Bodi kuna wawakilishi wa wazazi, jitahidi uonane na mmoja kabla ya Jumatano. Wakishikilia msimamo, una bodi ya elimu ya kaunti, na juu yake liko baraza la rufaa la elimu. Mahakama ije baada ya hapo, isipokuwa watamzuia kuingia darasani. Hapo mpigie wakili jioni hiyohiyo.

Watakuambia wanalinda jina la shule. Wakisema hivyo, wakumbushe Butere. Aprili mwaka huu wa 2025 wasichana wa shule ya Butere walizuiwa kuigiza tamthilia yao ya tamasha la kitaifa, Mahakama Kuu ikaamuru waruhusiwe, kisha walipofika Nakuru watazamaji wakafukuzwa kwa vitoza machozi. Wasichana wakapanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Kama tamthilia ingeachwa ichezwe, ingeonwa na watu waliokuwa ukumbini na kusahauliwa kama tamthilia nyingine za shule. Ilivyozuiwa, nchi nzima iliijua. Na utepe wa mwanao, kama naibu angepita akautazama akaendelea na matangazo ya siku, ungevuliwa nyumbani jioni na kurudi sandukuni.

Limebaki jambo dogo ambalo huenda hukulipenda kuliona. Tepe kumi na moja hazikukatwa na majini. Kitambaa kilitoka kwenye sanduku lako, na katika wale wasichana kumi na mmoja ni mmoja tu mwenye ufunguo wa nyumba yako. Kwa hiyo akiulizwa kama aliwagawia wenzake, asiseme hajui. Kugawa kitambaa si uchochezi, hakumlazimisha mtu, na waliotaka kuvua walivua. Lakini akidanganya kwenye hilo, wataacha kumwamini kwenye la msiba pia. Muulize kesho, mkiwa wawili, wakati wa kukanda. Mikono ikiwa na kazi, watoto husema.

Umeuliza kama umelea vibaya. Umelea mtoto anayemkumbuka aliyemfundisha hesabu, na anayepayuka akibanwa. La pili litatulia akikua, mimi mwenyewe lilinichukua hadi nikapata wajukuu.

Badala ya karatasi yao, pelekeni yenu. Aiandike yeye, kwa maneno yake, lakini kama anahitaji pa kuanzia, iwe fupi kiasi hiki:

"Mwalimu, tarehe 25 Juni nilikuambia mbele ya wenzangu kwamba nyinyi ndio mnaotuua. Haikuwa kweli kwako wala haikuwa haki. Naomba radhi. Utepe niliuvaa kwa ajili ya mtu aliyenifundisha hesabu, aliyekufa siku kama hiyo mwaka jana. Tepe nilizikata mimi nikawapa wenzangu waliotaka. Kwa hilo siombi radhi, lakini niko tayari kueleza kwa yeyote atakayeniuliza. Naomba nirudi darasani."

Amsomee naibu ofisini, si kwenye gwaride. Kama naibu atataka isomwe mbele ya wanafunzi kwa kuwa alitukanwa mbele yao, ana hoja, na mimi ningekubali sehemu ya kwanza isomwe hadharani, mradi isomwe yote bila kukatwa sentensi za utepe. Hilo mwamue nyinyi na binti.

Akisoma, usimkatize wala usimmalizie. Chukueni nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa shule ibaki kwako. Na asubuhi hiyo mahamri mwachie mtu akuuzie, maana vikao vya Bodi havijawahi kuanza kwa wakati tangu nianze ualimu.